Kituo Alichokichagua Doyle

Zamani Doyle Stiltner hakuamshwa na mtu. Mkewe, Arlene, alipoingia jikoni kuchemsha kahawa, alimkuta tayari amevaa buti, anatania paka. Doyle alikuwa mchimba makaa ya mawe katika milima ya West Virginia, na kiongozi wa kikosi cha uokoaji. Moshi ulipojaa mgodini, wengine walikimbilia nje. Doyle na wenzake walikimbilia ndani. Wapo wanaume bondeni ambao leo wanakula na watoto wao kwa sababu yeye aliwafuata gizani.

Kisha siku moja jiwe likaporomoka kutoka paa la mgodi, likampiga mgongoni. Alipasuliwa. Daktari akampa vidonge vikali vya kutuliza maumivu, na kweli vilimsaidia. Lakini miezi ilipita na mwili ukavizoea. Kidonge kimoja kikawa hakitoshi. Daktari alipokataa kumwongezea, Doyle akaanza kununua kwa watu wa mtaani.

Arlene hakuyajua hayo. Aliona tu mume mkali, mwenye kusinzia mezani, asiyetaka hata kwenda kuvua samaki.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama yake Arlene alianza kulia kwa maumivu. Huyu ni Bibi Opal. Alikuwa amevunjika nyonga, akaja kukaa nao. Arlene alifungua chupa ya dawa za mama yake. Ilikuwa tupu.

"Mama, umezimeza zote?"

"Nizimeze zote, nimekuwa kuku wa kudonoa? Hata jana hukunipa, ulisema nijaribu kuvumilia."

Doyle alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusingizia kwamba bibi amesahau. Badala yake alivua kofia.

"Ni mimi, Mama. Nimezichukua mimi. Siwezi kukaa bila hizo dawa. Nisamehe."

Bibi Opal alimtazama mkwewe usoni.

"Nyonga yangu itapona," akasema. "Wewe je?"

Siku hiyohiyo Doyle alitupa vidonge vyote alivyokuwa amevificha. "Nimeingia kwenye moto mara ngapi?" alimwambia mkewe. "Hivi vidude vitanishinda?"

Kesho yake alikuwa hoi. Jasho lilimtoka huku anatetemeka kwa baridi. Alitapika, alihara, na mifupa ikamuuma kama inavunjwa. Arlene alivuka kijito mbio kumwita jirani yao, Glenna, muuguzi wa zahanati ya wilaya.

Glenna alimpima Doyle, akampa maji kidogo kidogo.

"Hii ni arosto," alisema. "Mwili unadai dawa uliyoizoea."

"Mwache ateseke leo, kesho atakuwa amepona," alisema Arlene. "Si ndivyo?"

"Sivyo, shoga yangu. Hapo ndipo wengi wanapokufa. Arosto ikiisha, hamu haiishi. Mtu anarudia kipimo chake cha zamani, kumbe mwili umeshapoteza mazoea. Pumzi inakata. Uraibu ni ugonjwa, na ugonjwa huu unataka matibabu ya muda mrefu."

Kabla ya kuondoka, Glenna aliwaachia dawa ya kupulizia puani, ya kumzindua mtu aliyezidisha vidonge. Alimwonyesha Arlene jinsi ya kuitumia. "Ukimkuta haamki na hapumui vizuri, pulizia hii, piga simu ya dharura, usimwache peke yake." Pia alizungumza na daktari wa Bibi Opal. Bibi akapata dawa zake tena, na safari hii zikafungiwa kwenye sanduku lenye kufuli.

Doyle alikubali kwenda kutibiwa. Lakini wapi? Tayari alikuwa ameona tangazo la kituo kimoja Florida, kando ya bahari.

"Huko hakuna anayenijua," alisema. "Hapa nikionekana mlangoni mwa kituo, watu watasema, tazameni shujaa wenu."

Arlene akapiga simu. Aliyepokea alikuwa na sauti tamu kama asali.

"Mumeo atatoka hapa amepona kabisa, mama. Tunatoa uhakika! Tunatuma tiketi ya ndege leo hii."

"Daktari atampima akifika?"

"Tuna bwawa la kuogelea, mama, na farasi."

"Sijauliza farasi. Nimeuliza daktari."

"Timu yetu ni bora sana..."

"Mnatoa dawa ya kutibu uraibu?"

"Hapana, sisi hatuamini mambo ya dawa."

"Akimaliza, nani ataendelea kumwangalia?"

Badala ya kujibu, yule bwana akasema nafasi zinakaribia kwisha, aamue sasa hivi. Arlene akakata simu.

"Huyu anauza magari mabovu," akasema. Doyle, mgonjwa vile alivyokuwa, akacheka.

Glenna aliwaelekeza kwenye kituo cha mji wa jirani. Arlene akapiga simu, akauliza maswali yaleyale. Ndiyo, kina leseni. Ndiyo, daktari atampima kwanza, na mgongo wake pia. Kuna dawa, kuna ushauri nasaha, na mke anakaribishwa. Uhakika wa kupona? Mwanamke wa upande wa pili alisema, "Hilo siwezi kukuahidi, dada. Naweza kukuahidi kwamba akiteleza hatutamfukuza."

Ila Doyle alikunja uso. "Dawa ya kuachia dawa? Si ni kubadilisha chupa tu, Glenna?"

"Mgodini, paa likiwa bovu, unafanya nini?"

"Natia nguzo."

"Huliambii lijikaze, liwe na nia njema?"

"Wacha utani."

"Basi. Dawa hiyo, buprenofini, ni nguzo. Inaondoa arosto na hamu. Hulewi, unafanya kazi, unalala. Daktari ndiye anayejua ianze lini na iishe lini. Wengine wanaitumia miaka, na si aibu."

Doyle akamwambia Arlene atafute ufunguo wa gari.

Kituoni waliingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, Doyle akiwa kichwa wazi ili kila mtu amwone uso. Arlene alikuwa amemwona akiingia mgodini penye moshi. Siku hiyo alimwona jasiri zaidi.

Haikuwa kazi nyepesi. Siku za mwanzo alilia kama mtoto. Baridi ilipoingia aliteleza, akanunua vidonge. Lakini alimpigia mshauri wake kabla hajavimeza, na mshauri akambakisha kwenye simu mpaka Arlene alipofika nyumbani. Alijifunza mazoezi ya kunyoosha mgongo. Maumivu hayakuisha yote, ila yalipungua hadi akaweza kuishi nayo. Bado anaweka dawa yake chini ya ulimi kila asubuhi, mbele ya kila mtu.

Majira ya kuchipua yalipofika, kikosi kilimwita afundishe waokoaji wapya. Kabla ya kuanza somo, Arlene akiwa amekaa nyuma, Doyle aliwaeleza kila kitu: vidonge, chupa ya Bibi Opal, maswali ya Arlene kwenye simu, kituo. Hata Hobert, mwenzake wa siku nyingi kikosini na fundi wa kejeli, alisikiliza hadi mwisho.

Walipotoka, Hobert aliwafuata hadi kwenye gari.

"Shemeji," alimwambia Arlene, "yale maswali uliyowauliza wale watu wa simu. Nitajie tena."

"Ni ya nani, Hobert? Mkeo anaumwa?"

Hobert alitazama viatu vyake.

"Ni yangu mimi," akasema.

Doyle akamfungulia mlango wa gari.