Nyenje na Kikombe cha Mafuta ya Parachichi

Unamsikia kabla hujamwona. Krii-krii-krii! Halafu kwenye kona ya tatu ya kilima cha Chunya, pale ambapo malori ya zamani yalikuwa yakipanda huku yanahema, kinachomoka kitu chembamba cha kijani, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kinapanda mlima kama kuna mtu huko juu anakivuta kwa uzi. Moshi hakuna. Kuna harufu tu, harufu ya parachichi linalokaangwa.

Huyo ndiye Nyenje. Na mtu anayekimbia nyuma yake, suruali imepanda magotini, anacheka peke yake, ni Ambakisye, fundi aliyemtengeneza.

Mwaka ni 2079, na Mbeya imebadilika kabisa. Watu wanasafiri juu ya mapaa kwenye vyumba-waya, vile vyumba vya vioo vinavyoning'inia na kuteleza vyenyewe kutoka mtaa hadi mtaa. Raha mustarehe! Ila waya una mwisho wake. Ukishuka kituo cha mwisho, mbele ni miguu yako. Mama Kissa, anayepika chakula pembeni ya karakana ya Ambakisye, anaujua huo mwisho vizuri, maana mkungu wake wa ndizi anaubeba kichwani kutoka kijijini mpaka hapo kwenye waya.

Kwa ajili ya watu kama yeye akazaliwa Nyenje. Mwili wake ni ganda la katani, yaani nyuzi za mkonge zilizosukwa, zikalowekwa gundi, zikaokwa mpaka zikawa ngumu kama gamba la kobe. Injini yake unaifumba kiganjani. Anakunywa mafuta ya maparachichi, yale yaliyopondeka ambayo hakuna anayeyanunua. Na ndani ya kiti kuna akiliunde, ubongo wa mashine, unaoongea na kupima uzito, mwinuko na upepo, kisha unadondoshea injini tone baada ya tone, hakuna linalopotea.

Waliomjenga wanajiita Wanagramu. Jamani, hao watu! Ukipunguza gramu moja kwenye gari, unagonga rimu kuukuu ya gurudumu iliyoning'inizwa mlangoni, ngaa! na karakana nzima inapiga vigelegele. Gwakisa, mchekeshaji wao, aliwahi kutoboa matundu spana zote ziwe nyepesi.

"Gwakisa, spana hazipandi mlima," Ambakisye alimwambia.

"Fundi, acha zijisikie na zenyewe zimo!"

Lengo lao lilikuwa moja. Mara moja kwa mwaka jiji linapima magari mapya: unapewa mafuta ya kujaza kikombe kimoja cha chai, unapanda kilima cha Chunya mpaka kileleni. Ukifika, unapata ruhusa ya kutengeneza mengi na kuyapeleka vijijini. Usipofika, unasubiri mwaka mwingine.

Dereva alikuwa Sekela, mtoto wa marehemu kaka yake Ambakisye, binti wa miaka ishirini na moja, mikono myepesi kwenye usukani, hakuna kona asiyoiweza. Kila Jumamosi alikaa kwenye kiti, na Nyenje akapima uzito wa gari na dereva kwa pamoja, akataja namba moja tu. Waliona hivyo ndiyo sawa. Gari bila dereva haliendi, sasa upime mbalimbali ili iweje?

Jumamosi moja Nyenje akapaza sauti, "Tumepungua! Hongera Wanagramu!" Rimu ikagongwa mpaka kuku wa jirani wakaruka.

Ambakisye na yeye akapiga makofi. Halafu makofi yakaisha taratibu mikononi mwake. Alisubiri watu waende kwa Mama Kissa kula, akainama karibu na usukani.

"Nyenje, wiki hii tumetoa nini kwenye gari?"

"Hamjatoa kitu, fundi."

"Sasa kilichopungua ni nini?"

"Dereva. Gari liko vilevile tangu mwezi uliopita. Anayepungua ni Sekela."

Ambakisye akaushika usukani. "Mbona hukusema?"

"Mliniambia nitaje namba moja, na ikishuka nishangilie. Nimeshangilia."

Mashine haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuuma. Akachungulia nje. Sekela alikuwa amekaa na wenzake, anacheka, sahani iko mapajani, na chakula anakihamisha tu kutoka upande huu kwenda upande ule. Ambakisye alitakiwa aende pale pale. Badala yake akajisikia anasema moyoni: mtihani uko karibu, wiki chache tu, akishavuka kilele nitamchinjia jogoo. Wazo lilikuja upesi hata mwenyewe akalionea aibu. Lakini hakuinuka.

Kesho yake walikwenda kilimani kufanya mazoezi, Mama Kissa naye na kikapu chake. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu Nyenje akaenda moja kwa moja, akaiacha barabara, akajifunga breki mwenyewe katikati ya majani.

"Dereva hanijibu," akasema. "Dereva hanijibu."

Ambakisye alikimbia mbio ambazo hajui alizitoa wapi. Alimkuta Sekela kichwa kimelala begani, midomo mikavu. Wakamtoa, wakamlaza kivulini mwa ganda, Mama Kissa akamlowesha uso na kumpepea kwa upande wa kanga yake mpaka macho yakafunguka.

"Mbona mmenizunguka hivyo kama nimekufa?" Sekela akasema. "Nipo."

"Upo nusu," Mama Kissa akamjibu. "Umekula nini leo, mwanangu?"

"Chai."

"Na jana?"

"Chai."

"Chai na nini?"

Sekela akaanza kung'oa majani kwa vidole. Kisha akamtazama Ambakisye. "Baba mdogo, mlikuwa mmeacha kugonga rimu. Vya kutoa vimeisha, watu mnakuja mnakaa kinyonge, hamtaniani tena. Na mimi ndiye nakaa kwenye kiti. Nikaona kuna kitu kimoja bado hakijachongwa."

Gwakisa akatazama pembeni.

"Nilijua," Ambakisye akasema. "Tangu jana. Nyenje aliniambia."

Mama Kissa akageuka polepole. "Ulijua ukalala?"

"Sikulala sana."

"Sana! Msikieni! Hakulala sana!" Akamsonya msonyo mrefu, kisha akachukua chupa ya uji kwenye kikapu, akammiminia Sekela. "Kidogo kidogo. Tumbo lilishasahau kazi."

Ambakisye alipiga magoti kwenye majani. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhesabu pamoja na vyuma."

Sekela alikunywa, akafuta mdomo. "Lakini mtihani naendesha mimi."

Gwakisa akakohoa. "Nasema tu, msinipige. Nina binamu yangu, kijana mwembamba hivi kwa kuzaliwa, upepo ukivuma anashika ukuta..."

"Kiti ni cha Sekela," Ambakisye akamkata. "Sekela mzima, na mashavu yake yote."

Basi wakaanza kumlisha. Uji kwanza, halafu viazi, halafu ndizi za Mama Kissa zilizopikwa na nyama mpaka zinalainika. Gwakisa akamega sehemu ya sahani yake kila mchana na kudai ameshiba, uongo mtupu. Jumamosi namba ikapanda. Jumamosi nyingine ikapanda tena. Wakang'oa honi, wakang'oa kioo cha pembeni, wakaparua hata rangi, lakini mahesabu yalikuwa wazi kwa kila mtu: kikombe kimoja hakitatosha. Na hakuna aliyemwambia Sekela aache kula. Hakuna hata aliyelitazama sufuria kwa jicho baya.

Siku ya mtihani mkaguzi wa jiji, mama mmoja mwenye miwani ya kupimia, alimimina kile kikombe cha mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Krii-krii-krii! Nyenje akaondoka. Kona ya tatu akaipita kwa madaha. Ya tano. Ya saba! Watu waliokuwa wanapanda nyuma kwa miguu wakaanza kupiga kelele. Kona ya mwisho, kibao cha kileleni kinaonekana kabisa, mlio ukawa krii... krii... halafu upepo tu.

Ungeweza kurusha jiwe likakigonga kile kibao.

Ambakisye alifika anahema, akakuta Sekela ameshuka, ameegemea ganda, machozi yanamlenga lakini miguu imesimama imara. Alimtazama usoni. Mashavu yalikuwa yamerudi. Na papo hapo akaona kosa lao lilikuwa wapi tangu mwanzo: miaka yote hiyo walikuwa wanatengeneza gari la mtu asiyekula, na mtu wa namna hiyo haishi huko kwenye mwisho wa waya, wala popote.

Mkaguzi alifika akiwa amevua miwani. "Poleni. Mngepunguza kilo chache tu, mngefika. Kwa mwaka huu ndiyo basi. Niandike nini, kuna kitu kilizidi kwenye gari?"

Wanagramu wakatazama chini.

"Hakuna kilichozidi," Ambakisye akasema. "Andika hivi, mama: mafuta yameisha, dereva ameshiba."

Mkaguzi akamtazama kama hakusikia vizuri. "Ameshiba nini?"

"Ndizi," Sekela akajibu, sauti bado ina kilio ndani lakini mdomo umeshaanza kucheka. "Na nyama. Na chakula chote cha Gwakisa."