Ubao Mmoja, Vipande Sita

Kila siku baada ya chuo cha Kurani, Ruqaiya alipewa nusu saa ya kutumia simu ya mama yake. Mama alikuwa na jicho kwenye saa ya ukutani, na nusu saa yake haikuwa na dakika ya thelathini na moja. Ruqaiya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Muda huo wote aliumalizia katika kundi la WhatsApp la watoto saba lililoitwa Wategaji, ambamo walitegeana vitendawili na mafumbo ya hesabu.

Mchezo ulikuwa ule ule wa barazani, ila ulikuwa umehamia simuni. Mtegaji huandika, "Kitendawili," na wenzake hujibu, "Tega." Anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji husimulia alivyoutawala mji huo kabla ya kutoa jibu. Wategaji waliongeza sheria yao moja: anayetoa miji mitatu ndani ya mwezi hutolewa kundini hadi mwezi mpya. Msimamizi alikuwa Ruqaiya, na kazi ya kuwatoa watu aliipenda kuliko ilivyofaa.

Jumamosi moja alitega fumbo alilolitunga mwenyewe. Baba yake, Mselem, alikuwa fundi wa milango ya kuchonga katika mtaa wa Langoni, Lamu, kwa hiyo fumbo lilinuka mbao.

"Fundi ana ubao mmoja mrefu," aliandika. "Anataka vipande sita. Kukata mara moja humchukua dakika nne. Atamaliza kwa dakika ngapi?"

Jeilani, aliyependa kuwa wa kwanza kwa kila jambo, alijibu ishirini na nne. Wengine wanne wakamfuata. Thuwaiba peke yake aliandika ishirini.

Thuwaiba alikuwa ameketi dawati moja na Ruqaiya tangu darasa la kwanza. Mwezi Januari yeye na mama yake walihamia Siyu, katika kisiwa cha Pate, kumuuguza bibi yake. Huko hakuwa na rafiki bado. Wategaji ndio waliobaki kuwa marafiki zake, kupitia simu ya bibi.

"Ruqaiya, hesabu vizuri," alisema katika ujumbe wa sauti. "Kipande cha mwisho hakina haja ya kukatwa."

"Kumbe huko Siyu mbao hujikata zenyewe," Ruqaiya aliandika, akaweka nyuso tatu za kucheka. "Nipe mji."

Thuwaiba akaandika: "Haya, chukua Siyu."

"Nilikwenda Siyu," Ruqaiya akasimulia, "nikawakuta watu wote wamekaa mbele ya mbao wakingoja zijikate. Nikawafundisha kuhesabu, wakanifanya malkia wao. Jibu ni ishirini na nne."

Kundi zima lilicheka. Huo ulikuwa mji wa tatu wa Thuwaiba, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na nane. Ruqaiya alimtoa kabla nusu saa yake haijaisha.

Jumatatu mama alimtuma karakanani kumpelekea baba chai. Alimkuta akikata ubao mnene wa mbambakofi kwa msumeno wa mkono.

"Stima yeo imekwenda," baba alisema kwa Kiamu chake, akiionyesha mashine iliyozimika. "Weka chai hapo."

"Unataka vipande vingapi, Baba?"

"Sita."

Ruqaiya alikaa juu ya kigoda, akahesabu kila msumeno ulipotoka upande wa pili. Mara ya tano ulipotoka, baba aliuweka chini na kuchukua kikombe.

"Bado kimoja," Ruqaiya alisema.

"Kimoja kipi?" Baba alijigusa kando ya jicho. "Hesabu kwa mato, usihesabu kwa kitwa tu."

Alivihesabu vipande. Vilikuwa sita. Mkato wa mwisho ulikuwa umetoa viwili kwa mpigo. Mikato mitano, kila mmoja dakika nne: ishirini. Ruqaiya aliona aibu.

Wazo lake la kwanza halikuwa la kusifiwa. Alifikiria kulifuta fumbo. Wenzake watano walikubaliana naye, na hakuna ambaye angerudi kulitazama. Lakini alimweleza baba yote, akitumaini ataambiwa kwamba huo ni mchezo tu.

"Na Thuwaiba yu wapi sasa?" baba aliuliza.

"Nimemtoa."

"Alikosa nini?"

Ruqaiya alitazama unga wa mbao miguuni pake. "Hakukosa."

Baba alimaliza chai yake, akarudi kazini.

Alasiri hiyo Ruqaiya alimrudisha Thuwaiba kundini, kisha akaandika: "Jibu la Jumamosi ni ishirini. Thuwaiba alikuwa sawa."

"Haiwezekani watu watano wote tukosee," Jeilani aliandika.

"Ni watu sita. Mimi pia nimo. Chukua karatasi uikate." Halafu akarekodi sauti. "Thuwaiba, nimekuonea, na nimeucheka mji wako. Nakurudishia Siyu. Aliyeshindwa ni mimi, kwa hiyo nakupa Lamu."

Alingoja. Mama alinyoosha mkono kuchukua simu yake, na Thuwaiba hakuwa amejibu. Usiku huo Ruqaiya hakula vizuri.

Jibu alilikuta kesho yake. "Nilikwenda Lamu," Thuwaiba alisema. "Nilipofika Langoni nikawakuta watu sita wameuzunguka ubao, wanautafuta mkato wa sita. Nikawahurumia, nikawafundisha kuhesabu." Kisha akaongeza: "Siku ile nililia, Ruqaiya. Usinitendee hivyo tena."

Ruqaiya aliahidi. Sheria ya miji mitatu waliifuta siku hiyo hiyo, na Jeilani, aliyekwisha kukata karatasi mbili, hakupinga.

Baba alipoisikiliza ile sauti ya Thuwaiba alicheka, kisha akaizima simu.

"Kila mtu hukosea hesabu, mwanangu," alisema. "Mimi mwenyewe nimeharibu mbao nyingi. Lakini ukijua kwamba mwenzio alisema kweli, mwambie hivyo mbele ya wale wale waliomcheka. Ukimwambia pembeni, kosa lako umelilipa nusu."