Utando Kichwani mwa Naima

"Mama, nani anaunguza nywele?"

Naima aliacha kuchambua maharage. Harufu hiyo alikuwa anaijua yeye peke yake. Miaka kumi na miwili ilikuwa ikimjia kila mara jini wake alipotaka kumwangusha, na hakuwahi kumsimulia mwanawe.

Kwa miezi minne hakuwa ameanguka. Madaktari wa Dar es Salaam walimwekea juu ya ubongo utando laini wa umeme, unaovutika kama ngozi, wakamwagiza auchaji kila asubuhi kwa kidude cha kubandika nyuma ya sikio. Bila hivyo ungezimika baada ya siku tatu. Mumewe, Mwinjuma, alichinja mbuzi, nusu ya mtaa wao wa Kizwite ikala.

Sasa Ashura, mwenye miaka saba, alisimama mlangoni macho yamemtoka. Kisha akaanguka.

Akaanguka tena Jumatano, na Alhamisi mara mbili, na kila mara, kabla meno yake hayajakazana, kucha zilisikika zikiparuza bati la paa, taratibu, kutoka juu ya chumba cha Naima hadi juu ya kitanda cha mtoto, kama kitu kilichozunguka nyumba nzima kikitafuta mlango wake wa zamani, kikaukuta umezibwa, kikapata mwingine, mdogo zaidi.

Shehe Amin akaitwa. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, ndipo kinywa cha mtoto kikatoa sauti ya mtu mzima anayelia.

"Nimefukuzwa kwangu. Niende wapi na baridi hii?"

"Kwako ni wapi?" shehe alinong'ona.

Kidole cha Ashura kikamwelekea mama yake.

Naima hakumwambia mtu. Kesho yake hakukigusa kile kidude, wala keshokutwa. Siku ya tatu Mwinjuma alimkuta chini kando ya jiko, povu mdomoni.

Alipozinduka, mumewe alikuwa amekishika kidude.

"Ngoja nikubandike, mke wangu. Utakufa."

"Usiniguse, Baba Ashura. Msikilize mtoto kwanza."

Uani Ashura alikuwa anaruka kamba, akihesabu kwa sauti. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Mwinjuma alisikiliza hadi hesabu ikapita hamsini bila kukatika. Kisha akakiviringisha kidude ndani ya kanga, akakizika chini kabisa ya sanduku la nguo, akarudi kukaa sakafuni. Akampakata mkewe kichwa mapajani, wakangoja pamoja.