Uzi wa Inchi Thelathini na Nne

Jumatatu asubuhi ofisi ya vifurushi ilijaa mpaka mlangoni. Maboksi yalipita juu ya vichwa, mtoto mmoja alikuwa akilia, na karani aliita namba kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu wiki iliyopita. Mbele ya foleni alisimama mwanamke aliyevaa sketi nyeusi na blauzi ya njano iliyopigwa pasi vizuri, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni mwake. Aliuza magauni ya mtumba ya sherehe kwenye simu, na siku hiyo alikuwa amekuja kuchukua yaliyorudishwa. Yalikuwa manne.

"Dada Gauni, leo umevuna," karani akamtania.

"Nimevuna mabua," akajibu, akasonya.

Mkono mrefu wenye vumbi la alumini ulipita juu ya bega lake ukaweka kifurushi cha tano dirishani. Karani akasoma namba, akacheka. "Hiki nacho ni chako, dada. Mwenyewe huyo nyuma yako."

Akageuka. Mwanaume alikuwa mrefu, shati lake la kazi limefungwa hadi kifungo cha juu, na futi ya chuma imening'inia mkandani.

"Wewe ndiye 'samahani, linapwaya'?" mwanamke akauliza.

"Na wewe ndiye 'lebo ikikatwa gauni halirudi'? Nilidhani ni mama mtu mzima mwenye fimbo."

"Fimbo ninayo, nimeiacha nyumbani. Uliomba kifua thelathini na nne, nikakutumia thelathini na nne. Linapwayaje?"

"Linapwaya inchi mbili. Nimempima dada yangu mwenyewe, kwa uzi, halafu nikalaza uzi juu ya futi hii."

"Unampima mwanamke kama dirisha?"

"Mimi ni fundi madirisha. Nikikosea milimita mbili kioo hakiingii."

"Na mimi nimepima magauni miaka sita kwa tepu hii. Ilikuwa ya marehemu mama yangu. Haijawahi kumvua nguo mtu."

Foleni ikacheka. Fundi akacheka pia, akiinamisha kichwa, na kwa namna alivyoinamisha mwanamke akasahau kukasirika.

"Na huyo dada," akamuuliza wakitoka nje, "ni dada wa kweli au dada wa kununuliwa gauni?"

"Tumbo moja. Kanitangulia miaka kumi."

Hakusema zaidi. Dada yake alikuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka ishirini na miwili, na sasa alikuwa akiugua. Shule ilipanga kumuaga Jumamosi ya mwisho wa muhula. Mwalimu alikuwa amemwapisha mdogo wake asimwambie mtu habari za ugonjwa. "Nataka waniage mimi," alisema, "si ugonjwa wangu." Ndiyo maana alitaka gauni linalomkaa, lisilowapa wanafunzi wake cha kunong'onezana.

Gauni la pili lilitumwa, la kijani kibichi, thelathini na nne. Siku hizo simu zilianza, fundi akitangulia kupiga.

"Inchi, umeshakula?"

"Nani kakwambia uniite Inchi?"

"Basi nikuite Futi. Hapana, wewe mfupi mno."

"Nikate simu?"

"Ukikata nitapiga tena. Mimi nikifunga dirisha sikubali lilegee."

Mwanamke naye alimwita Kioo, kwa kuwa alisema uso wake hauwezi kuficha kitu. Jioni moja walikunywa chai kwenye mkahawa ulio karibu na karakana ya fundi. Mwanamke alivaa gauni la bluu lililorudishwa mara tatu na wateja watatu tofauti, na kwake lilikaa kama limeshonewa yeye. Fundi alimtazama hadi chai ikapoa.

"Mbona hunywi?"

"Napima kwa macho."

"Acha ujinga, Kioo," akasema, lakini aliporudi nyumbani hakulivua mapema.

Gauni la kijani nalo likarudi, likipwaya vilevile. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema, "Agiza thelathini na mbili." La mwisho lilikuwa la rangi ya zabibu, mikono mirefu, shingo ya juu. Alilivaa mbele ya kioo cha kabati, akajipaka poda, akajipulizia manukato ambayo hayakufunguliwa tangu augue. Lilimkaa. Lilimshika kifuani na kiunoni bila kumbana. Akachukua mkasi akakata lebo, akapiga kelele ya furaha hadi mdogo wake akaja mbio kutoka jikoni.

"Nitazame! Nani kasema nimeisha?"

Kisha akaokota kile kikaratasi cha saizi alichokuwa amekikata. Mwandiko wa Dada Gauni ulikuwa mkubwa na wa wazi. Kifua 32. Alikuwa ameiagiza mwenyewe, lakini sasa ilikuwa imemkaa.

Akaketi kitandani. "Mwezi uliopita ulinipima thelathini na nne."

"Na bado ni thelathini na nne. Nilikupima juzi, dada. Uzi huu hapa."

"Wewe tangu utotoni hukujua kusema uongo isipokuwa wa kunihurumia. Mgeni asiyenijua kapima thelathini na mbili, na limenikaa. Wewe unanionyesha uzi." Akaanza kufungua vifungo polepole. "Nayeyuka. Na dawa zile zinanitapisha bure. Lirudishe. Sitaki kuagwa nikiwa kivuli."

Alhamisi hiyo hakwenda kliniki. Alhamisi iliyofuata pia hakwenda. Mdogo wake alimbembeleza na kugomba, na mara moja akalia, lakini mwalimu aliyezoea kunyamazisha darasa la watu hamsini hashindwi na mtu mmoja.

Kifurushi kikafika kwa Dada Gauni. Chumba chake cha mbele kilikuwa na fito tatu zilizojaa hariri na lasi, meza ya pasi, na ukuta mweupe wa kupigia picha. Akalifungua gauni la zabibu. Lebo ilikuwa imekatwa, shingoni mna poda, na kwapani manukato ya mwanamke. Mara mbili saizi thelathini na nne, sasa thelathini na mbili. Aliwajua watu wa namna hiyo. Huvaa gauni usiku mmoja wa harusi, wakalirudisha kesho yake na hadithi ya saizi. Na mwanamke mwenye kifua hiki hakuwa yule wa mwezi uliopita.

Hakupiga simu kuuliza. Aliandika kwenye ukurasa wake, ambako wateja wote husoma: "Magauni yangu si ya kuazimisha wanawake. Wewe fundi madirisha unayeagiza kila saizi kwa kila 'dada', nimekujua."

Ilichukua nusu saa. Simu ikaita.

"Futa maneno yale," fundi akasema. Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo.

"Kwanza niambie poda ni ya nani."

"Ya dada yangu."

"Dada yupi? Wa thelathini na nne au wa thelathini na mbili?"

"Ni huyohuyo. Ni mgonjwa. Kasoma ulichoandika, maana ndiye huchagua magauni kwenye ukurasa wako. Hajasema neno tangu akisome." Akapumua. "Ungeniuliza tu. Nilikuwa napokea simu zako nikiwa juu ya ngazi."

"Kioo..."

"Usiniite hivyo."

Alifuta maneno, lakini watu walikuwa wameshayasoma. Akampigia mara saba kwa siku tatu. Simu iliita hadi ikachoka.

Siku ya nne alikuja mama mshonaji kutoka mtaa wa pili, amebeba gauni jeusi kwapani kama kuku anayepelekwa sokoni.

"Mwanangu, mimi nashona tangu hujazaliwa. Hili umeandika thelathini na nne. Hili ni thelathini na sita."

"Mama, nililipima mwenyewe."

"Lete hiyo tepu yako."

Aliivuta shingoni mwa binti, akailaza mezani, kisha akatoa ya kwake mpya mfukoni na kuilaza kando yake, mwanzo kwa mwanzo. Inchi za kwanza zilikwenda pamoja. Kufika kumi na saba ya tepu ya marehemu, tepu mpya ilisoma kumi na nane. Kufika thelathini na nne, mpya ilisoma thelathini na sita.

"Imevutika," mama mshonaji akasema, sasa kwa upole. "Ina miaka mingapi hii? Kitambaa huchoka kama mtu. Hesabu uliyokuwa ukiisoma ni pungufu, na magauni yote uliyotuma ni makubwa."

Dada Gauni alitazama zile namba zilizofifia, alizofundishwa kuzisoma akiwa amekaa mapajani kwa mama yake. Akakumbuka yale mengine manne ya Jumatatu ile, na mengine mengi kabla yake, na wateja aliowaita wasumbufu. Kisha akaelewa kuhusu gauni la zabibu: lilikuwa thelathini na nne, na mgonjwa aliyesoma thelathini na mbili lazima alidhani anakonda.

Aliandika tena kwenye ukurasa, safari hii na picha ya tepu mbili zikiwa zimelala pamoja. Kosa ni langu, aliandika. Alitaja magauni yote. Alimtaja fundi madirisha, akamwomba radhi mbele ya watu walewale. Kisha akafunga tepu zote mbili na gauni la zabibu kwenye mfuko, akaenda karakana kuomba aelekezwe nyumbani kwa fundi.

Fundi alifungua mlango akasimama akiuziba.

"Sikuja kwa ajili yako," Dada Gauni akasema. "Nina kitu cha dada yako. Akishakisikia, nifukuze."

Mwalimu alikuwa amelala ubavu, uso ukielekea ukutani. Chumba kilikuwa safi, madaftari ya wanafunzi wa zamani yakiwa yamepangwa dirishani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ndiye wewe wa ukurasa?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kusahihishwa." Akalaza tepu mbili juu ya shuka, mwanzo kwa mwanzo, akaeleza jinsi ile ya zamani ilivyovutika. Fundi akasimama mlangoni, kisha akaingia, akatoa kwenye sanduku la vyombo vyake nyuzi tatu alizompimia dada yake kwa miezi mitatu. Akazinyoosha kando ya tepu mpya, na futi ya chuma juu yake. Zote tatu zilikoma mahali pamoja. Thelathini na nne.

Mwalimu alijiinua kwa kiwiko. Alizigusa nyuzi moja moja.

"Kumbe sikuyeyuka."

"Hukuyeyuka, Mwalimu. Tepu yangu ndiyo iliyokonda."

Mwalimu akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, akacheka tena. Halafu akamtazama mdogo wake. "Alhamisi mbili sikwenda kliniki," akasema.

Jumamosi ile walimuaga amevaa gauni la zabibu. Alisimama dakika thelathini akizungumza bila kukaa, na wanafunzi wake hawakuwa na cha kunong'onezana. Alhamisi iliyofuata alikwenda kliniki, na nyingine, na nyingine. Daktari alipoulizwa kuhusu zile mbili alizokosa alisema haiwezekani kujua. Labda zisingebadilisha kitu. Labda.

Wiki ya tisa fundi alimpima tena kwa uzi, kwa kuwa aliombwa. Ulikoma kwenye thelathini. Safari hii hapakuwa na tepu ya kulaumu. Dada Gauni alilipunguza gauni la zabibu kwa mkono, mshono kwa mshono, ameketi kando ya kitanda, na Mwalimu akamsahihishia sarufi ya matangazo yake. Walimzika nalo.

Baada ya arobaini fundi alikuja kwenye chumba cha fito tatu. Alikuwa amekonda, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Ukutani, tepu ya marehemu mama ilikuwa imetundikwa juu kwenye msumari, mbali na mkono.

"Inchi," akasema.

Lilikuwa jina ambalo Dada Gauni hakuwa amelisikia tangu ugomvi. Akaweka pasi chini.

"Kuna siku nikikutazama nazikumbuka zile Alhamisi mbili," fundi akasema. "Nakwambia ukweli, zitaendelea kunijia."

"Na mimi pia zinanijia."

"Basi tuzibebe wawili." Akatoa uzi mweupe mfukoni, akamshika mkono wa kushoto, akauzungusha kwenye kidole cha pete. Akaukata kwa meno. Akaulaza juu ya futi ya chuma, chini ya dirisha, mahali penye mwanga.

Mwanamke alikuwa akilia bila sauti. Aliinama aone namba, kisha akampa tena kidole.

"Rudia," akasema. "Pima mara mbili."

Akapima tena. Ilikuwa ileile.