Kijiji Kilichopakwa Kijani

Jumamosi asubuhi stendi ya Mbulu haina adabu. Makonda wanaita Haydom, Karatu na Babati kwa mkupuo mmoja, bodaboda zinapita katikati ya mizigo ya watu, na ukungu unamfanya kila mtu aonekane ana haraka kuliko alivyo. Marieta alikuwa anatafuta gari la Haydom, ili aunganishe mpaka Balangdalalu na kutoka hapo mpaka kijijini kwao Endaqaw, wilayani Hanang, alikokuwa muuguzi wa zahanati. Alivaa sweta ya maruni na kitenge cha njano, na kichwani alijitwisha boksi la glovu. Ghafla akajikuta anatazamana na kijana mrefu mwenye shati jembamba la mikono mifupi, anayegawa kadi huku meno yanagongana.

"Dada, chukua kadi," kijana akasema. "Ukipiga namba hii ni bure. Unaeleza hali ya maji kijijini kwenu, nasi tunaiingiza kwenye ramani. Wilaya zote mbili, Mbulu na Hanang."

"Na hiyo baridi yako inaonekana kwenye ramani ipi?"

Kijana akacheka, akaacha kutetemeka kwa muda. Aliitwa Kenneth, mzaliwa wa Kyela, ambako watu hulala madirisha wazi. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa mradi ulioitwa Ramani ya Maji, na hakuna aliyemwambia kwamba Mbulu mtu hanunui kitanda kabla ya blanketi. Marieta akamwelekeza banda la mitumba lenye makoti mazito, akamwambia asikubali bei ya kwanza, akapanda gari. Alipofika Haydom simu yake ilikuwa na ujumbe: koti limepatikana, nimekubali bei ya pili, namba yako nimeiomba kwa konda aliyekukatia tiketi. Marieta aliusoma mara tatu, na tusimsingizie, alifurahi.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Endaqaw mtandao unashika sehemu moja tu, kilimani nyuma ya zahanati, kwa hiyo kila saa ya chakula cha mchana muuguzi alionekana anapanda kilima akiwa na sare yake nyeupe, na kijiji kizima kilijua anapanda kwa ajili ya nani. Kenneth alimwita "nesi wangu". Marieta alimwita "mtu wa Kyela", na siku za furaha zaidi alimwita mpenzi. Mara tatu Kenneth alifika kwa pikipiki, akala ugali wa mtama na maziwa ya mgando, akawaamkia wazee mmoja mmoja bila kuruka hata mmoja. Bibi Paskalina, jirani yake Marieta, mwanamke ambaye hasifu hovyo, alisema kijana amelelewa vizuri, na inaonekana hata akiwa mbali na kwao.

Pasaka pampu ya kisima ikafa. Ilikuwa pampu ya sola, pekee kijijini, na ilipokufa watu walirudi kuchota korongoni, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na kurudi. Wajawazito wakaanza kufika zahanati na uchungu wao pamoja na madumu yao. Mume mmoja alimleta mkewe juu ya mkokoteni wa punda, mama upande mmoja, maji upande mwingine. Marieta aliosha watoto wachanga kwa vikombe.

Habari njema ni kwamba mradi ungeleta pampu mpya tano. Vijiji vya kuzipata vingechaguliwa kwa ramani: kijiji chenye maji kina rangi ya kijani, kijiji kisicho na maji chekundu, na vyekundu vilivyozidiwa ndivyo vya kwanza. Marieta hakulaza damu. Alipita nyumba kwa nyumba na kadi mkononi, akawapandisha watu kilimani kwa zamu, akina mama, wachungaji wa ng'ombe, katekista, mpaka simu zikafika arobaini na moja. Kisha akangoja.

Mwisho wa mwezi wa nane ramani ikatoka. Marieta aliifungua akiwa amesimama kilimani, upepo unamvuta kitenge. Endaqaw ilikuwa ya kijani. Si kijani cha kubahatisha, bali kijani kilichokolea, kama shamba la ngano baada ya mvua. Alipiga simu papo hapo.

"Kenneth, nani amepaka Endaqaw kijani?"

"Hapaki mtu, mpenzi. Kompyuta inachukua majibu yenu wenyewe."

"Sisi tumesema pampu imekufa. Arobaini na mmoja tumesema."

"Najua imekufa. Nimeiona kwa macho yangu."

"Basi badilisha."

Sauti ya Kenneth ikageuka ya ofisini. "Siwezi. Nikibadilisha kijiji chako kwa mkono, kesho mwingine ataleta cha shemeji yake. Ramani itageuka ya ndugu zetu."

"Mwezi huu nimezalisha wanawake tisa kwa maji waliyokuja nayo kwenye madumu," Marieta akasema. "Tisa. Na wewe unaniambia habari ya shemeji za watu."

Akakata. Kenneth alipiga tena siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Marieta aliacha kupanda kilima. Alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba bado anampenda. Alijikuta akimkumbuka hata wakati anahesabu vidonge. Aliamini Kenneth amechagua ofisi. Labda bosi alitaka ramani ya kupendeza, labda kijani kingi kilikuwa sifa ya mradi, na kijana akakubali kupaka. Wiki ikapita hivyo. Kikao cha kupitisha orodha ya vijiji vitano kilikuwa Alhamisi inayofuata, na kikishapita, pampu haziwezi kurudi nyuma.

Jumapili jioni Marieta akaitoa ile kadi kwenye Biblia yake na kuisoma upya, mbele na nyuma. Nyuma iliandikwa kwa herufi ndogo kwamba sauti zote zilizorekodiwa ni wazi kwa mwananchi yeyote atakayetaka kuzisikiliza. Akaomba ruhusa ya siku nne. Jumatatu saa sita mchana alikuwa Mbulu, mlangoni pa ofisi ya mradi, na gauni lake la kanisani la zambarau limejaa vumbi la njiani.

Bosi wa Kenneth aliitwa Emilian, mtu mzima mwenye kitambi na upole mwingi. Marieta akampa shikamoo, akaeleza shida yake. Kenneth alikuwa kona ya chumba, ndani ya koti lake zito, na hakuthubutu hata kumsalimia.

"Binti, usisumbuke na masauti," Emilian akasema, akivuta kiti kwenye kompyuta. "Nitajie kijiji. Nakigeuza sasa hivi, chai yangu haijapoa."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya. Neno moja tu, na wanawake wa Endaqaw wangeacha kwenda kujifungua na madumu. Marieta alimtazama Kenneth. Kijana aliinamisha macho, hakusaidia wala hakuzuia. Hapo Marieta akaelewa kwamba uamuzi ni wake peke yake.

"Asante, baba," akasema. "Ila kitu kinachogeuzwa Jumatatu kabla chai haijapoa, Jumatano kinageuzwa tena. Naomba kusikiliza."

Emilian akainua mabega, akaenda zake. Kenneth akaleta vifaa vya masikioni, akafungua sauti za Endaqaw. Kwanza ikaja sauti iliyorekodiwa ya mradi, changamfu, inauliza: habari za maji kijijini kwenu? Kisha ikaja ya Bibi Paskalina, anapaza kama watu wanavyopaza wakidhani simu iko mbali.

"Nzuri, mwanangu. Nzuri sana, tunamshukuru Mungu. Poleni na kazi. Ila hiyo pampu ilishakufa, tunateseka."

Ya katekista: nzuri, Bwana asifiwe, ila. Ya mchungaji wa ng'ombe: salama kabisa, ila. Wote arobaini na mmoja. Ya arobaini na moja ilikuwa yake mwenyewe, Marieta, na yeye pia alisema habari ni nzuri tu, kabla ya kueleza mateso. Akavua vifaa masikioni.

"Kompyuta inasikiliza sekunde ngapi?" akauliza.

"Tano za mwanzo," Kenneth akasema. Tayari alikuwa ameelewa, na uso ulikuwa umemshuka. "Ili iende haraka. Na swali niliandika mimi. Nilitaka liwe la kirafiki, watu wasiogope."

"Kwetu nani anaanza na shida kabla ya salamu? Hata mwenye msiba anakujibu nzuri kwanza."

"Na kwetu Kyela ni hivyohivyo. Bibi yangu angenifinya sikio." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nawaza kompyuta, Marieta, sikuwawaza watu. Na uliponipigia, ilinipasa nisikilize sauti hizi siku hiyohiyo. Badala yake nikakusomea kanuni. Nisamehe."

Marieta hakumsamehe hapohapo, maana msamaha wa haraka huwa mwepesi. Aliuliza sauti ziko ngapi kwa wilaya zote mbili. Kenneth akasema elfu mbili na mia tatu. Alhamisi ilikuwa mbali siku mbili na nusu.

"Vuta kiti," Marieta akasema.

Walisikiliza mpaka ofisi ikafungwa, na alfajiri ya Jumanne walikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kutoa kufuli. Marieta alishika Hanang, Kenneth akashika Mbulu. Kila sauti waliisikiliza mpaka mwisho na kuandika kilichofuata baada ya neno ila. Jumanne mchana Kenneth alileta chapati na maharage, wakala bila kuacha kusikiliza, na Marieta akamwambia kwamba koti lile linampendeza ingawa bei bado alipigwa. Ndivyo msamaha ulivyofika.

Lakini Jumatano Marieta akaanza kuandika polepole. Kijiji kimoja upande wa Gitting watu walikuwa wanakunywa kwenye bwawa moja na ng'ombe, na mama mmoja alitaja majina ya watoto watatu waliolazwa kwa kuhara. Kingine kilikuwa na shule ambayo wanafunzi walitembea mwendo wa saa nne kutafuta maji. Kila alipoandika, Endaqaw ilishuka kwenye orodha mpya ya vijiji vilivyozidiwa. Ya pili, ya nne, ya tano. Hakuna aliyekuwa anamtazama, kalamu ilikuwa yake, na kidole kilimwasha. Saa kumi jioni orodha ilikamilika, na Endaqaw ilikuwa ya saba.

"Sasa unaweza kunichukia," Kenneth akasema taratibu.

"Nimewasikia kwa masikio yangu." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha. "Yule mama wa bwawani nitamkana vipi?"

Alhamisi kikaoni, mbele ya madiwani na wataalamu wa wilaya zote mbili, Kenneth alisimama na kusema ramani aliyowaletea ilikuwa na kosa, na mkosaji ni yeye. Emilian alijaribu kusema mambo hayo yangezungumzwa ofisini. Diwani mmoja akataka kujua kosa gani. Marieta, aliyekaa benchi la wananchi, akaomba ruhusa na kuwawekea sauti ya Bibi Paskalina. Ukumbi ukacheka alipomshukuru Mungu, na ukanyamaza alipofika kwenye ila. Orodha mpya ikapita. Kenneth akaandikiwa barua ya onyo, naye akaikunja na kuitia mfukoni.

Jumapili baada ya misa, Endaqaw walikaa mkutano wa kijiji. Marieta alikuwa amejiandaa kuwaambia mwenyewe, neno kwa neno, lakini pikipiki ikaingia, na Kenneth akashuka mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Hakutumwa na mtu. Akawaamkia wazee, akaomba nafasi, akaeleza yote: swali lake, sekunde tano, nafasi ya saba, na kwamba zamu yao ni awamu ya pili, mwakani. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini wasimfukuze.

"Mwache," Bibi Paskalina akasema. "Waliotudanganya hawajawahi kurudi kutuambia." Kisha akamgeukia Kenneth. "Na hiyo mwakani, wewe utakuwa wapi?"

"Nimeomba kuhamia upande huu wa Hanang, bibi. Nitakuja kila mwezi mpaka maji yatoke."

"Kwa ajili ya maji tu?"

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kenneth hakujibu mbele ya mkutano, na hilo nalo wazee walilipenda.

Alijibu baadaye, wakiwa wanatembea kuelekea pikipiki, huku wanawake wanawapita na madumu matupu kwenda korongoni.

"Marieta, nataka kukuoa," akasema. "Wazee wangu wako Kyela, ni mbali. Nilifikiri nisubiri mwakani, mvua zikiwa zimenyesha, pampu imefungwa, pawe pamependeza. Wasije wakakuta hali hii."

Marieta akasimama. Alitazama njia ya korongoni, akamtazama mtu wake.

"Wasingoje mvua," akasema. "Waje mwezi ujao, kukiwa kukavu hivihivi. Wanywe chai ya maji ya korongo, wajue kijana wao anaoa wapi."