Ukuta Ulioshikwa na Nyuzi

Mama alichemsha chai. Uani, baba alikoroga udongo na saruji. Walikuwa wakimjengea bibi, mama mzazi wa mama, chumba kipya. Cha zamani kilikuwa kimeinama, na bibi bado alilala humo. Mawingu yalianza kujikusanya.

Baba aliinua tofali lililokauka. Likamponyoka, likakatika vipande viwili.

"Saruji haijatosha," akasema. "Naongeza."

"Umeongeza mara ngapi? Mbona yanazidi kukatika?" mama akauliza. "Mama yangu simlazi humo."

Baba akachota saruji nyingine. Aliogopa, ila hakutaka ijulikane.

Jirani yao, mwanamke fundi wa matofali, aliyasikia yote. Akaja.

"Shemeji, saruji inaufanya udongo kuwa mgumu. Lakini kitu kigumu kikivunjika, kinavunjika ghafla. Kitafutie cha kukishika. Una magunia ya plastiki yaliyochakaa?"

"Ya kuyavisha matofali nguo?" baba akauliza.

"Wewe lete tu."

Fundi alifumua nyuzi, akazikata urefu wa kidole. Baba akazibeba zote, akazitupa kwenye udongo uliolowa. Zikajiviringa madonge.

"Haraka haraka haina baraka," fundi akasema. "Changanya udongo na saruji vikiwa vikavu. Nyunyiza nyuzi kidogo kidogo, geuza, ndipo utie maji. Nyuzi usizidishe. Konzi moja kwa ndoo ya udongo."

Matofali mapya yalishindiliwa, yakafunikwa, yakanyunyiziwa maji kila siku mpaka yakakomaa. Fundi akaligonga moja kwa nyundo. Likapata ufa, lakini halikuachana. Nyuzi zililishika.

"Ufa mtauona kabla ukuta haujaanguka," akasema. "Ukiuona, tokeni."

Chumba kipya kikajengwa, bibi akahamia akinung'unika. "Mnanilaza ndani ya gunia."

Mvua ikaja, nzito. Mchana mmoja maji yalichimba chini ya pembe ya chumba kipya. Mama akasikia mlio, akaona ufa ukipanda ukutani. Bibi alikuwa kitandani, miguu haimbebi.

"Baba watoto! Ukuta!"

Wakambeba. Ufa ulipanuka, lakini ukuta haukuanguka.

Walipofika uani, kishindo kikasikika. Chumba cha zamani kilikuwa kimelala chini, rundo la matope juu ya mahali kitanda cha bibi kilipokuwa. Kipya kilisimama na ufa wake. Mama akalia waziwazi.

Mvua ilipokatika, fundi na baba waliujenga upya msingi wa pembe ile kwa mawe, wakachimba mfereji wa maji, wakaziba ufa. Bibi alikuwa akiwatazama kutoka kwenye kiti.

"Mkimaliza," akasema, "nirudisheni kwenye gunia langu."