Kidonge cha Mgeni

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kila jiko la jiji la Songea, kigawalishe kiliwasha taa yake ya kijani kabla mwenye nyumba hajafumbua macho. Kilikuwa kijisanduku cheupe, ukubwa wa birika, chenye tundu moja la kidole. Ukiweka kidole, kilikutambua wewe ni nani, kikakumbuka umri wako, uzito wako na kila kilichopikwa jikoni humo wiki nzima, kisha kikakufinyangia palepale kidonge cha zinki glukonati. Hiyo ni zinki iliyofungamanishwa na tindikali itokanayo na sukari, ili iingie mwilini bila kulichafua tumbo. Kipimo kilikuwa chako wewe, si cha jirani.

Aliyekibuni ni mhandisi Otilia Mapunda, na kwa kweli alistahili kutembea kifua mbele. Tangu vigawalishe vienee, watoto walioharisha walipona upesi, na vidonda vilivyokuwa vikikaa miezi sasa vilifunga. Wadi ya watoto katika hospitali ya jiji ilibaki na vitanda vitupu, hata wauguzi wakaanza kufuma vitambaa zamu nzima. Otilia alisifiwa mpaka akazoea, na mtu akishazoea sifa, kosa lake mwenyewe hulitafuta mwisho.

Kosa lilijitokeza kwanza miguuni mwa mama yake. Bi Skolastika, mwenye miaka sabini na mmoja, ndiye aliyeongoza ngoma ya lizombe katika harusi za mtaa mzima, na harusi ya mjukuu wake ilikuwa imebakiza miezi saba. Ghafla akaanza kuyumba. Alisema nyayo zimekufa ganzi, kama mtu aliyevaa soksi ndani ya soksi. Akaanguka mlangoni, akaanguka bafuni, na mwisho akakalishwa kwenye kiti tambazi kinachojiendesha. Kiti chenyewe alikichukia waziwazi.

Daktari Haule alimpima, akakuta damu imepungua na chembe nyeupe zimebaki haba. Kwa upole akamuuliza Otilia kama mama hali zinki kupita kiasi. Otilia alichukia. Alifungua kumbukumbu za kigawalishe cha nyumbani na kumwonyesha: miligramu nane kila siku, mwaka mzima na nusu, bila kuzidi hata punje. Daktari alijibu kwamba mashine huandika inachokiona tu, lakini Otilia alikuwa ameshageuka kuondoka.

Siku iliyofuata aliamua kumsindikiza mama yake kwenye mizunguko ya jumuiya ya kanisa, kwa kuwa Bi Skolastika, ganzi au si ganzi, hakuacha kuwatembelea wagonjwa na wazazi waliojifungua. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Ditriki. Walikaribishwa, wakamiminiwa togwa, kisha mwenyeji akasogeza kijisanduku cheupe mbele ya mgeni.

"Karibu, Mama Otilia. Weka kidole."

Bi Skolastika akaweka kidole, kidonge kikadondoka, akakisindikiza kwa togwa huku akishukuru. Nyumba ya pili ikawa hivyo hivyo. Walipotoka nyumba ya sita, Otilia alisimama katikati ya njia.

"Mama, kila siku unakula vidonge vyote hivi?"

"Sasa nikatae? Mtu amekukirimu kwa moyo mweupe, wewe unamrudishia mkono? Nilikulea hivyo mimi?"

Hakumlea hivyo, na hapo ndipo kisu kilipoingia. Otilia mwenyewe, alipokibuni kigawalishe, ndiye aliyekiwekea kidonge cha mgeni, miligramu kumi na tano kwa kidole kisichotambulika, kwa sababu katika nyumba ya mama yake mgeni hakuwahi kutoka kinywa kikavu. Na kwa kuwa sheria ya siri za nyumba ilikataza mashine kupelekeana habari, kila jiko lilimwona Bi Skolastika kama mgeni mpya asiyepata kitu tangu asubuhi. Nyumba sita ni miligramu tisini. Mtu mzima hapaswi kuvuka arobaini kwa siku. Zinki ikizidi tumboni huifungia shaba mlango, na mwili uliokosa shaba hushindwa kutengeneza damu na kuilinda mishipa ya fahamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini hapa wenyeji wote walikuwa wazima na mgeni ndiye aliyelemaa. Otilia alilia njiani bila kujificha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mama yake alimwambia pole.

Alirudi kwa Daktari Haule, akamwomba radhi. Kipimo cha damu kikaonyesha shaba imekauka. Zinki ikasimamishwa mpaka shaba irejee, Bi Skolastika akapewa shaba kwa uangalizi, na mwezi wa tatu akakiamuru kiti tambazi kijipeleke stoo.

Otilia naye hakulala kazini. Wenzake walitaka kidonge cha mgeni kifutwe. Yeye alikataa kuwanyima watu ukarimu wao. Alitengeneza pete nyembamba inayobeba hesabu ya zinki ya siku hiyo kidoleni mwa mwenyewe, ili siri za nyumba zisitoke lakini kipimo kijulikane popote mtu aendapo. Jiji zima likavaa. Katika wiki ya kwanza pete ziligundua watu arobaini na watatu waliokuwa njiani kuelekea alikofika Bi Skolastika, wengi wao wakunga, makatekista na akina mama wa jumuiya, watu wasiojua kukataa. Wote waliwahiwa.

Siku ya harusi, ukweni, Bi Skolastika alisogezewa kijisanduku. Akaweka kidole chenye pete.

"Mgeni wetu, zinki ya leo umeshaipata," kikasema. "Karibu togwa."

Mwenyeji akacheka, akamjazia kikombe, na hakuna aliyenuna. Ngoma ikapigwa. Bi Skolastika akaingia uwanjani, vigelegele vikapanda, na Otilia alihisi moyo unataka kumtoka kwa furaha. Kisha akaona kwamba mama yake, ambaye zamani alicheza akiwa ameinua uso, sasa anatazama chini kila hatua. Akamsogelea.

"Mguu wa kushoto bado hausikii ardhi," mama alisema, bila kuacha kucheza. "Daktari anasema huenda usisikie tena. Ndiyo maana nauangalia."

"Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Njoo ushike upande huu, nipate kuinua uso."

Otilia akavua viatu, akaingia.